Milioni sita kwenye STI au GR Yaris: je, bei itapanda?

*"Hujambo mtaalamu. Nina akiba ya shilingi milioni 6 hivi. Nilitaka kuongeza ploti, lakini shemeji yangu ananishawishi ninunue gari la spoti nilifungie Nairobi miaka kumi, kisha niliuze mara tatu ya bei kama zile Skyline za Nissan, kwa kuwa anasema magari ya petroli yanaisha. Nina chaguo tatu: Subaru WRX STI ya 2018 iliyo kwenye yadi Mombasa, Toyota GR Yaris ya 2020 ambayo wakala anataka kuniagizia kutoka Japani, na STI ya 2006 ya jirani yangu, ina turbo kubwa na imefanyiwa mapping (kompyuta ya injini imepangwa upya iongeze nguvu), nusu ya bei. Fundi wangu naye anacheka. Anasema magari ya siku hizi ni kompyuta tupu, yakizeeka hakuna atakayeyagusa. Nimsikilize nani?"*

Shemeji na fundi kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kila mmoja amekivuta kupita kiasi. Yapo magari ya spoti ya kisasa yatakayotafutwa kwa udi na uvumba, na mengine yameshaanza kutafutwa. Lakini gari kuwa adimu ni jambo moja, na wewe kutoka na faida mfukoni ni jambo jingine kabisa. Tuanze na hilo la pili, maana ndilo linalogusa akiba yako.

Chukua hizo milioni 6 uziweke mahali zinapozaa asilimia 8 kwa mwaka, faida ikirudishwa humo humo. Baada ya miaka 10 zitakaribia milioni 13. Sasa liweke gari kando ya hesabu hiyo. Bima kubwa kwa asilimia 4 ya thamani ni 240,000 mwaka wa kwanza. Ongeza sevisi, betri, mkanda wa taimingi, tairi zinazokauka hata zisipotembea, na mahali pa kulilaza. Si ajabu gari likala milioni 2 au 3 katika miaka hiyo kumi bila kupata hata mkwaruzo. Kwa hiyo ili ulingane tu na mtu aliyekaa kitako na hati fungani zake, itabidi uliuze kwa milioni 15 au 16. Ile mara tatu ya shemeji ni milioni 18. Yaani ndoto yake yote ikitimia, umepata milioni mbili tatu za ziada kwa miaka kumi ya kulilinda gari na panya.

Kuna na ukungu wa shilingi. Mwaka 2014 dola ilikuwa kama shilingi 88, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa kama 129. Gari ambalo bei yake ya dunia haikusogea hata senti moja lilionekana hapa nyumbani kama limepanda kwa karibu nusu. Watu wengi wanaokwambia "niliuza kuliko nilivyonunua" wanazungumzia kushuka kwa shilingi, si kupanda kwa gari.

Sasa hiyo Skyline anayoitaja shemeji. Haikupanda kwa sababu imezeeka. Nissan ilitengeneza Skyline za kawaida nyingi za umri ule ule na hazina mwenyewe. Iliyopanda ni GT-R, toleo lake la spoti, na kisa chake ni hiki. Sheria ya Marekani huzuia gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao vya usalama mpaka litimize miaka 25 tangu mwezi lilipotengenezwa. GT-R ya kizazi cha R34 haikuwahi kuuzwa Marekani ikiwa mpya. Za kwanza ni za 1999, kwa hiyo mlango ulianza kufunguka Januari 2024, na wajanja walianza kuzikusanya Japani miaka kadhaa kabla. Nyuma yao kulikuwa na kizazi kizima kilichoendesha gari hilo kwenye michezo ya video tu, sasa kina miaka arobaini na kitu na pesa za kuchezea. Idadi ndogo, hamu ya utotoni, na soko tajiri lililofunguliwa siku moja. Ukiondoa mojawapo, bei hiyo huioni.

Ndiyo maana maneno "toleo maalumu" hayatoshi kukutoa mate. Jaguar XJ220 ilipotangazwa mwishoni mwa miaka ya 1980, watu waliweka amana ya pauni 50,000 kila mmoja wakitarajia kuuza nafasi zao kwa faida. Waliahidiwa injini ya V12 inayosukuma magurudumu yote manne. Mwaka 1992 wakaletewa V6 yenye turbo mbili inayosukuma ya nyuma peke yake, na soko lilikuwa limeshaporomoka. Wengine walikwenda mahakamani ili wasilichukue gari waliloligombania. Hata juzi tu, Porsche ilitoa 911 R mwaka 2016, gari 991 tu, giaboksi ya mkono. Zikauzwa mkono wa pili kwa bei ya kutisha. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ikatoa GT3 yenye giaboksi ya mkono na toleo lake la Touring lisilo na bawa nyuma, na bei ya 911 R ikateremka. Kiwanda kikinusa pesa, hutengeneza nyingine.

Upande wa pili kuna Porsche Carrera GT, zilizotengenezwa 1,270. Miaka michache baada ya kutoka kiwandani uliweza kuipata chini ya bei yake ya upya. Leo inapita dola milioni moja. Huo ndio mkondo wa kawaida: gari jipya huanguka, hulala chini kwa miaka kadhaa, kisha machache kati ya mengi hupanda. Anayenunua likiwa jipya hulipia anguko lote. Anayenunua likiwa limeshalala chini hulipia kusubiri tu. Tatizo ni kwamba wakati limelala hakuna anayekupigia simu kukuarifu kuwa hapo ndipo mwisho wa chini.

Tuje kwa fundi. Hoja yake ya kompyuta inakanushwa na gari moja: Lexus LFA. Zilitengenezwa 500, bei ya upya Marekani ilikuwa dola 375,000, imejaa elektroniki kuanzia dashibodi hadi giaboksi, na baadhi zilikaa miaka kwa mawakala bila mnunuzi. Leo zinauzwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Kwa hiyo kompyuta hazilizuii gari kupendwa. Ila fundi yuko sawa kwamba zinabadilisha namna gari linavyokufa.

Gari la 1970 hufa kwa kutu na kuchakaa kwa chuma, na chuma fundi mzuri anaweza kukichonga upya. Gari la leo hufa kisandukusanduku. Ndani ya kompyuta ya injini mna kapasita ndogo zenye majimaji. Kwenye magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 zimeshaanza kuvuja na kula njia za shaba kwenye bodi, na gari huanza kuzima bila sababu. Hilo fundi wa elektroniki hulitengeneza kwa kapasita mpya kama hajachelewa. Gumu zaidi ni ufungaji wa vitu kwa jozi: kompyuta ya injini, kifaa cha kuzuia wizi na funguo vinatambuana, kwa hiyo ukinunua kompyuta ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, bila wenzake, gari haliwaki. GR Yaris nyingi zina kamera ya usalama kwenye kioo cha mbele. Kioo kikipasuka, kipya hakitoshi, kamera lazima ipangwe upya kwa vifaa maalumu. Skrini za kugusa nazo huchoka, na baada ya miaka ishirini swali litakuwa kama kuna anayeuza nyingine.

Hapo tabia ya kiwanda ndiyo huamua. Nissan, kupitia tawi lake la Nismo, ilianza 2017 kutengeneza upya vipuri vya GT-R ya R32 kisha ikaendelea na R33 na R34. Toyota ilianzisha mradi wa aina hiyo 2020 kwa Supra za zamani. Kampuni inayolea watoto wake wakubwa hivi hukupa moyo kwamba hata GR Yaris haitatupwa. Kwa Subaru, uzuri ni kwamba injini ya EJ ilitengenezwa miaka mingi mno, na vipuri vyake vya chuma vimejaa kila kona ya dunia.

Kabla ya kuyapima magari yako matatu, elewa soko letu wenyewe. Kenya huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza, na kila Januari mstari husogea: mwaka 2025 yaliruhusiwa yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Maana yake, kila modeli ya spoti ina siku yake ya kufungiwa nje, na kuanzia hapo zilizopo nchini ndizo hizo hizo, zikipungua kwa kila ajali ya barabara ya Naivasha. Hilo huipa bei sakafu. Lakini usilichanganye na bei ya dunia. Ndani ya hizo milioni 6 kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, baadhi zikihesabiwa juu ya nyingine. Mkusanyaji wa Marekani au Uingereza hatakurudishia kodi ya KRA. Atalinganisha gari lako na lile lililobaki Japani na karatasi zake zote, na mara nyingi atachukua la Japani. Uganda hawataki gari la miaka 15 kwenda juu. Mnunuzi wako wa mwaka 2036, basi, ni Mkenya mwenzako, na swali ni wangapi watakuwa na milioni 16 na hamu ya Subaru.

Hamu haitakosekana, hilo nakiri. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 kwa Impreza, Richard Burns akairudia 2000 kwa Impreza pia, na watoto waliosimama vumbini wakati ule ndio wanaonunua STI sasa. Tangu 2022 Safari imeshindwa mfululizo kwa GR Yaris Rally1, Kalle Rovanperä akiwa wa kwanza. Watoto wanaoshangilia Naivasha leo watakuwa na pesa kama mwaka 2045. Wewe umepanga miaka kumi. Hamu ya kizazi huchukua ishirini na tano hivi.

STI ya 2018 ina sifa nzuri. Ni ya kizazi cha VAB, injini ya EJ ya lita 2.0, giaboksi ya mkono ya gia sita, usukani wa haidroliki. Subaru ilifunga kupokea oda za STI hiyo na injini yake kwa soko la Japani 2019, na Machi 2022 ikatangaza kwamba WRX mpya haitapata STI ya petroli. Ni ya mwisho wa ukoo, na wakusanyaji hupenda wa mwisho. Kinachoipunguza ni kwamba Marekani walikuwa na STI yao ya lita 2.5 hadi 2021, kwa hiyo kule hakuna njaa ya miaka 25 kama ya Skyline.

GR Yaris ina hoja yenye nguvu zaidi kwa mbali. Haikuuzwa Marekani kabisa, kwa hiyo za kwanza zitaruhusiwa huko 2045. Bodi yake ya milango mitatu haishirikiani na Yaris ya sokoni, na injini ya silinda tatu ya lita 1.6 iliundwa kwa ajili yake. Dhidi yake: zimetengenezwa nyingi, bado zinatengenezwa, na toleo la 2024 lina nguvu zaidi na linapatikana hata na giaboksi ya otomatiki. Kwa hiyo bei ya 2020 bado ina nafasi ya kushuka. Sina haraka nayo. Iliyosajiliwa 2020 bado inaweza kuingia Kenya hadi mwisho wa 2027.

STI ya jirani niiweke wazi: usiinunue kama akiba. Wakusanyaji hulipia gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, na STI za 2006 zisizoguswa hapa nchini zinahesabika. Hiyo ya jirani siyo mojawapo. Pia mapping yenyewe inanitia wasiwasi. Kompyuta ya STI ya Japani ilipangwa kwa petroli yao ya oktani karibu 100. Kwa mafuta ya chini ya hapo, kihisi cha kugonga kwa injini husikia mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati na kuchelewesha cheche ili kulinda injini. Mapping ya kukimbilia nguvu hula ule uwazi wa usalama. Siku moja, mlima wa Mai Mahiu, gari limejaa abiria, silinda ya nne inapata joto, na ukuta wa pistoni unaoshika ringi unavunjika. Utaona moshi wa bluu na oili ikipungua; kutengeneza kwake ni kufungua injini nzima.

Ukiendelea na mojawapo ya yale mawili, anza na namba ya chesisi kabla ya kukata tiketi ya SGR. STI halisi ya Japani ya 2018 inaanza na VAB. Ikianza na VAG, hiyo ni WRX S4, gari lenye sura ile ile, injini nyingine na giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda), na beji ya STI hununuliwa dukani. Kwa GR Yaris unataka GXPA16. Ukiona MXPA12, ni RS: lita 1.5 isiyo na turbo, CVT, inavuta kwa mbele peke yake. Sura haitakuambia, namba itakuambia. Mawakala wengi ni waaminifu, ila tangazo la "GR Yaris bei poa" mara nyingi ni RS.

Pili, omba karatasi ya mnada wa Japani, na uitafute mwenyewe kwa namba ya chesisi badala ya kupokea picha ya WhatsApp. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake lilipata ajali likakarabatiwa. Kwa matumizi ya kila siku sawa, kwa kukusanya hapana. Kisha tazama ule mchoro wa gari uliotandazwa: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mawimbi ya kazi ya bodi, XX ni paneli iliyobadilishwa. A1 kwenye bampa si kitu. W3 kwenye paneli ya ubavu wa nyuma pamoja na XX kwenye mlango jirani inakusimulia ajali ya ubavuni hata kama muuzaji amesahau. Linganisha pia kilomita za karatasi na za dashibodi.

Gari lenyewe likaguliwe baridi, asubuhi, injini haijawashwa. Kipima unene wa rangi kiwe kile kinachosoma alumini pia, maana boneti na milango ya GR Yaris ni alumini na paa ni kaboni. Sumaku ya fundi wa bodi haitakusaidia. Kwenye STI pima kompresheni ya silinda zote nne. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, acha. Omba oili imwagwe na filta ikatwe: vumbi la kung'aa kama pambo la harusi kwenye karatasi ya filta ni beringi zinazokwisha. Sikiliza sekunde za kwanza baada ya kuwasha, kisha tafuta vibandiko na nukta za kuchomelea kwenye fremu ya rejeta. Za kiwandani zinafanana zote.

Ukishalinunua, usilifungie kama shemeji anavyodhani. Sili hukauka, breki hushika kutu, petroli huchacha. Liendeshe kila wiki mbili, nusu saa, mpaka oili ipate moto kweli; kuliwasha tu likiwa limesimama huacha unyevu ndani ya injini. Kilomita 2,000 au 3,000 kwa mwaka haziui thamani. Badili oili angalau mara moja kwa mwaka hata kama hujatembea, na mkanda wa taimingi wa EJ uhesabu miaka pamoja na zile kilomita 100,000. Funika kwa kitambaa kinachopumua, si turubai. Usililaze Pwani, chumvi ya hewa ya Mombasa huanza kula bolti za chini kabla hujaiona juu. Tega panya, kwani waya uliotafunwa ndani ya dashibodi unaweza kukugharimu kuliko tairi nne. Kila kipuri cha asili ukikitoa kiweke kwenye sanduku, pamoja na funguo zote mbili, karatasi ya mnada, cheti cha kufutwa usajili Japani na risiti zote.

Kwa uamuzi wenyewe: kama unatafuta faida, nunua ploti au hati fungani. Kama unalipenda gari na unaweza kupoteza milioni 2 bila kukosa usingizi, GR Yaris yenye giaboksi ya mkono ndiyo ningeiwekea miaka ishirini, na STI safi ya VAB ndiyo ningeiendesha kwa furaha nikijua haitaanguka sana. Kama hizo milioni 6 ndizo akiba yote, au sehemu yake ni mkopo wa sacco, usiguse lolote kati ya matatu kabla ya kukaa na mshauri wa fedha ana kwa ana.

Kuna mambo mengine ambayo maandishi hayawezi kukufanyia. Chukua rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen uhakikishe logibuku haina deni la benki. Mpeleke fundi huru aliyewahi kufungua injini za EJ, asiye rafiki wa yadi, kisha upate tathmini ya maandishi, kwa mfano ya AA Kenya. Bima itaihitaji, na ulizia mapema, kwa sababu kampuni nyingi hukwepa kutoa bima kubwa kwa gari lililopita umri fulani, na wewe unapanga kukaa nalo mpaka lifike huko. Mwenye yadi akikataa gari lipandishwe juu au silinda zipimwe, agana naye hapo hapo.